Boti Iliyochomwa Alama ya Ngamia

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu Bulla Pesa na simu mkononi, "Akko, angalia hii kayaki, iko sawa?", leo mimi bibi yenu nawaandikia wote mara moja ili siku nyingine ninywe chai yangu ikiwa moto. Simu haionyeshi boti. Simu inaonyesha rangi. Hata mbuzi mgonjwa ukimpiga picha upande wa jua anapendeza, na kuna watu kwenye soko la mifugo la Oldonyiro wanaishi kwa kujua hilo.

Kwa wale ambao hawajaiona: kayaki ni boti ndogo ya mtu mmoja, ya plastiki, unaiendesha kwa kasia lenye mabawa mawili, unapiga huku unapiga huku. Watu wanavulia samaki juu yake. Mimi nilifanya kazi ya kuzitunza na kuzichagua mpaka magoti yakakataa. Na kabla hamjaniuliza, ndiyo, mimi ni Mborana, na kwetu samaki si chakula. Mama yangu alimwita nyoka wa maji, na hakusema hivyo kwa kumsifu. Kazini nimewapikia wageni samaki miaka na miaka bila kumwonja. Kama chumvi imetosha nilijua kwa kuangalia uso wa mgeni.

Ninaandika sasa kwa sababu ya mjukuu wangu Tume. Nyinyi mnamjua, mmesoma naye. Ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba yake, yaani mwanangu Wako, wakabaki ngamia wachache. Tume akasema ataenda ziwani Loiyangalani kuvua samaki wa mbuta na kuwauzia wenye malori. Baba yake akasema binti yake hataingia kwenye maji kama chura. Wakabishana mpaka majirani wakachoka kusikiliza, na hilo katika plot yetu si jambo dogo. Mwishowe wakanijia mimi. Wako akasema: "Mama, wewe ndiye unajua hivi vitu. Ukisema boti inafaa, nitatoa ngamia. Ukisema haifai, huyu anakaa nyumbani na maneno yaishe."

Basi nikajikuta mimi ndiye mlango. Nikisema vibaya upande mmoja, msichana anakufa maji. Nikisema vibaya upande wa pili, anakaa Bulla Pesa akitazama ukuta wa jirani. Ndiyo nikaanza kukumbuka kila kitu nilichofundishwa.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya ngamia. Kwetu kupakia ngamia wakati wa kuhama ni kazi ya mwanamke. Mwanaume anashika kamba ya mdomo na kujifanya anafikiria. Siku moja Mwiti, Mmeru aliyekuwa na kampuni ya kupeleka wageni ziwani, aliniona nikipakia ngamia pembeni ya barabara, vijiti vya nyumba, mikeka, vyungu, na mtoto juu. Akasimamisha gari. Aliona kama kuna mtu anaweza kufunga mizigo hivyo, huyo atamfungia boti zake. Mimi nikaona mtu mwenye mshahara. Tukaelewana haraka.

Safari ya kwanza nilipakia kayaki kama ngamia. Nilifanya kazi nzuri sana. Mzigo huku, mzigo huku, sawasawa, na juu katikati nikaweka sufuria, jiko na gunia la makaa, nikafunga kwa mafundo ya nyanya yangu ambayo hata fisi hafungui. Mgeni mmoja mnene kutoka Nairobi akakaa katikati ya hiyo milki yake, akasukumwa. Hakufika mbali. Boti ilipinduka polepole, kwa heshima, kama mzee anayegeuka kitandani. Mizigo yote ilibaki mahali pake. Mgeni peke yake ndiye hakuwa amefungwa.

Aliyemtoa ni Ekai, Mturkana aliyekuwa mvuvi wetu pale ziwani, mtu mrefu mwenye maneno machache, na hayo machache ni ya kukusimanga. Alimkalisha mgeni kwenye changarawe, akarudi kwa boti, akaiangalia vile inaelea tumbo juu, akakaa chini akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Wako," akaniambia, "umefunga mzuri sana. Sufuria iko. Jiko iko. Mtu ndiyo hakuna."

"Ngamia angebeba hiyo bila neno," nikamjibu.

"Ngamia iko na miguu nne. Hii kitu iko na tumbo peke yake."

Nendeni shule zote mnazotaka, hamtapata somo la boti fupi kuliko hilo. Ngamia anasimama, kwa hivyo unaweza kumpandishia mzigo juu. Boti inalala. Kila kitu kizito kinakaa chini, karibu na katikati, chini ya magoti yako. Ukiweka kitu juu ya kichwa cha boti kwa sababu ni rahisi kukifikia, umeiwekea sababu ya kugeuka.

Ekai alikuwa na jaribio lake, nami nawapa bure. Kabla boti haijagusa maji, iweke kwenye mchanga. Panga vitu vyako vyote: kisu, plaizi, ndoana, maji ya kunywa, chakula. Kaa. Funga macho. Sasa nyoosha mkono uchukue kisu. Uchukue plaizi. Uchukue maji. Ukilazimika kuinua makalio kufikia kitu chochote, umepanga vibaya, shuka upange upya. Mbuta mkubwa akiwa kwenye uzi hutakuwa na nafasi ya kufungua macho na kutafuta.

Mwiti mwenyewe hakuwa mtu wa maji. Alikulia mjini Maua kwenye mashamba ya miraa. Zilipokuja zile boti za kukalia juu, aliona zina matundu yamepenya kutoka sakafuni mpaka chini. Akampigia muuzaji simu akamtukana mpaka chaji ikaisha. Halafu akachukua sabuni za kufulia, akaziba tundu moja moja kwa kidole, kwa uvumilivu mwingi, akasema twende. Upepo ulipoanza kurusha mawimbi ndani, maji hayakuwa na pa kutokea, maana hayo matundu ndiyo njia yake ya kutoka. Bosi wetu alirudi ufukweni amekaa kwenye karai la povu, safi kuliko siku ya harusi yake. Kwa hivyo ukiona matundu ya kupenya, usiyazibe na usimtukane mtu. Tundu la kuogopa ni lile dogo la nyuma, lenye kizibo cha kuzungusha. Hilo ukilisahau wazi, boti inakunywa taratibu na haikwambii.

Turudi kwa Tume. Alikuja na picha ya kwanza, boti ndefu nyembamba ya kijani.

"Akko, cheki hii. Hii ni moto. Inakimbia mbaya."

"Inakimbia kwenda wapi? Samaki hakimbizwi, anangojwa."

"Lakini si upepo ukija natoka mbio?"

Hapo alisema neno la maana kidogo, nikamsikiliza. Ni kweli, boti ndefu nyembamba inaenda mbali kwa nguvu kidogo. Lakini inacheza kiunoni. Ukigeuka kutafuta chambo, nayo inageuka. Ile ya kuingia ndani miguu yote, kama mtu anavyoingia kwenye gunia, inakukinga baridi, sawa, lakini ikijaa maji katikati ya ziwa huwezi kuimwaga peke yako. Kwa kuvua, nataka boti pana, ya kukalia juu, ambayo ukianguka unairudisha na kuipanda tena. Isiwe fupi sana kama karai, maana hiyo inazunguka kila ukipiga kasia. Muulize muuzaji akuruhusu ukae pembeni kabisa, miguu yote nje upande mmoja. Akikataa, ameshakujibu.

"Na rangi?" Tume akauliza. "Kijani ndiyo poa, inafanana na nyasi."

"Unajificha nani? Wewe ukianguka, mimi nataka mtu akuone."

Nilimpa mambo mengine siku hiyo, na nyinyi yachukueni. Kasia: simama nalo wima, nyoosha mkono juu, vidole vishike ncha bila kuruka. Boti ikiwa pana sana ongeza kidogo, la sivyo utakwaruza vidole kwenye plastiki kutwa nzima. Lifunge kasia kwa kamba kwenye boti, hata kama unajiona hodari, kwa sababu nimeona hodari wengi wakipiga maji kwa mikono. Rodi za kuvulia usinunue tano. Nunua moja ngumu na fupi ambayo haitagonga kichwa chako ukigeuka. Nanga ni jiwe kwenye gunia, inatosha, lakini kamba yake isifungwe ubavuni hata siku moja. Ifunge mbele au nyuma. Ukifunga ubavuni, wimbi likivuta, boti inapiga magoti.

Na samaki uliyemshika usimwache anaelea amefungwa pembeni ya boti ati abaki hai. Lile ziwa lina mamba. Nilimwona mgeni mmoja aliyeona ujanja huo, akavuta kamba yake jioni ikaja na kichwa cha samaki peke yake, kimekatwa vizuri kabisa. Aliuliza nani amekata. Ekai akamwambia, "Mwenye nyumba."

Boti iliyonipendeza ilikuwa ya kambi moja ya wageni kando ya mto; kambi ilifungwa, vitu vyake vikaletwa mjini. Pana, ya kukalia juu, rangi ya chungwa. Nilienda mwenyewe. Niliipapasa kama unavyopapasa tumbo la ngamia jike. Nilibonyeza plastiki kwa kidole gumba kila mahali, kwa sababu jua la kwetu linakausha plastiki ikawa kama ganda la yai, na ukibonyeza unasikia inalia. Hii haikulia. Nilimulika tochi ndani, nikamwambia Tume aangalie kutoka nje kama kuna mwanga unapenya. Hakuna. Nikasema inafaa.

Wako alikuwa mtu wa neno lake. Akatoa ngamia dume mchanga aliyekuwa akimtegemea, akamwona akienda. Jioni lori likaleta boti hadi plot, na nikaenda kuswali nikiwa na furaha. Hapo ndipo nilipokosa kuwa pale.

Asubuhi nilikuta boti imelazwa kifudifudi uani na harufu ya plastiki iliyoungua. Wako amekaa kando yake kwenye kiti cha mbao, anakunywa chai, ametulia kwa mara ya kwanza tangu ukame. Nikaangalia. Katikati kabisa, chini ya mahali pa kukalia, kulikuwa na mstari mrefu na duara mwishoni. Alama ya ngamia wetu. Imechomwa kwa chuma, nzuri, imenyooka, kina kirefu.

"Wako, hii ni nini?"

"Alama, Mama."

"Naona ni alama. Inafanya nini kwenye boti?"

"Ngamia wangu ameenda, hii ndiyo imekuja mahali pake. Ikiibiwa huko kwa watu nitaitambuaje? Nimeweka mgongoni ionekane na kila mtu."

"Mgongoni?"

"Si huu hapa?" Akapiga ile plastiki kwa kiganja, kama anapiga ngamia.

Mwanangu ameuza mifugo soko zote za huku. Mnyama akiwa bado mbali, Wako anaweza kukuambia umri wake. Lakini boti ilikuja kwenye lori imegeuzwa, na yeye hajawahi kuona boti ikielea karibu. Aliona kitu kimejikunja juu kama nundu, akaona huo ndio mgongo.

"Hilo ni tumbo," nikamwambia. "Umemchoma tumboni. Upande huo ndio unaokaa kwenye maji."

Tume akatoka na mswaki mdomoni. Akaona. Akaenda akapitisha kidole kwenye ile alama polepole, mpaka kwenye duara.

"Abba," akasema, "hii camel brand umeniwekea mimi?"

"Ni ya boti."

"Boti ni yangu."

"Basi," Wako akasema, akaangalia kikombe chake. "Ni yako."

Sasa nyinyi vijana mtafikiri kwamba hapo bibi angelia. Bibi aliomba maji. Nilimwambia Tume ageuze boti ikae sawa, tuiinue juu ya mawe, tufungue kile kifuniko cha juu, cha kuwekea mizigo ndani, tumimine maji. Hii ndiyo njia ya kujua boti inavuja wapi: usiweke boti majini, weka maji ndani ya boti, halafu lala chini uangalie tumbo. Nililala, na umri huu. Mstari ulikuwa mkavu. Duara lilianza kutoa jasho, halafu tone, halafu tone lingine.

"Inavuja," nikasema kutoka chini.

"Kidogo," Wako akasema.

"Ziwa halijui kidogo."

"Basi haifai?" Hilo lilikuwa swali la Tume. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikakumbuka nimekuwa mlango, na ngamia ameshapita.

Ningeweza kusema haifai. Wako angepata alichotaka tangu mwanzo, msichana nyumbani, na angekipata kwa mkono wake mwenyewe, na Tume asingemsamehe kamwe. Nilimwangalia Wako. Sikuona mtu aliyeshinda. Niliona mtu aliyechoma kitu cha mtoto wake akitaka kukilinda, na hajui aweke mikono wapi.

"Lete chuma chako," nikamwambia. "Kile kile."

Kwa Ekai tulikuwa tunarekebisha boti kwa moto. Sikilizeni vizuri, kwa sababu wengi wenu mtapaka gundi, na gundi haishiki plastiki ya namna hii, inakauka inabanduka kama kidonda. Plastiki inashonwa kwa plastiki ya aina yake. Kata kipande cha ile unayotaka kutumia, kitupe kwenye bakuli la maji. Kikizama, si ndugu, tafuta kingine. Tume alijaribu beseni lililopasuka, likazama. Akajaribu mtungi wa mafuta wa manjano, ukaelea. Tukamwaga maji, tukafuta boti mpaka ikauka kabisa, tukakata mtungi vipande vyembamba kama kamba za viatu.

Wako akapasha chuma. Nikamwambia kisiwe chekundu. Kikiwa chekundu unachoma, na yeye ameshachoma ya kutosha. Kiwe cha moto wa kuyeyusha tu, usione moshi. Unayeyusha pande zote mbili pamoja, kipande na boti, unakandamiza kimoja ndani ya kingine kama unasonga ugali mzito, mpaka huoni mwisho wa hiki wala mwanzo wa kile. Ukiharakisha inakaa juu juu, na siku ya wimbi inafunguka.

Wako alifanya mwenyewe. Alikataa fundi. Alipiga magoti kwenye ile boti tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, akarudi baada ya swala akaendelea. Mstari wote, duara lote, kwa sababu nilimwambia hata mahali pakavu pamekuwa pembamba. Alipomaliza, alama yake ilikuwa imejaa manjano juu ya rangi ya chungwa. Ungeiona ukiwa mbali kule Merti.

"Sasa inaonekana zaidi," akasema.

"Na samaki," nikamwambia. "Wao ndio watakaoiona."

Tulijaza maji tena, tukaiacha kutwa nzima kwenye jua. Kavu. Lakini boti kavu kwenye mawe haijabeba mtu. Nikasema itaingia kwanza silanga, lile bwawa la njia ya Kinna, ambalo mvua ilikuwa imelijaza, na itabeba mtu mzito. Tume akaanza kukunja suruali.

"Wewe kaa," Wako akamwambia. "Mimi ndiye mzito."

Wako hajui kuogelea. Wako hajawahi kuingia maji yanayopita goti isipokuwa kuvusha mbuzi. Tukamvalisha jaketi la kuokolea. Hili nalo muangalie: mtu akishavaa na kufunga, mshike mabegani umvute juu. Likipanda likapita masikio, ni kubwa, likienda majini litatoka peke yake limwache. Tume alimvuta baba yake mabegani kwa nguvu zote. Jaketi halikupanda. Wako ndiye alipanda kidogo.

Pale silanga kulikuwa na wachungaji wananywesha, na habari ilikuwa imetangulia.

"Wako! Ngamia wako leo anakunywa ama anaoga?"

"Mshike nundu, usimwachie!"

"Huyo hana maziwa, nakwambia, rudisha!"

Yeye alikaa kwenye boti kama anayekaa mbele ya hakimu, akashika kasia, akapiga. Akazunguka. Akapiga tena, akazunguka upande mwingine. Alifika karibu na katikati kwa njia ambayo mimi siwezi kuwaelekeza. Hapo mchungaji mmoja akapiga mluzi, Wako akageuza kichwa kumtafuta ni nani, na kichwa chake kilipoenda, boti nayo ikaenda.

Maji yalimfika kifuani. Alisimama, kilemba kimeenda, tope usoni, na watu wanagaragara kwa kicheko. Hakuwaangalia. Kitu cha kwanza alichofanya ni kugeuza boti, kwa shida, akafungua kifuniko, akaingiza mkono wote mpaka bega, akapapasa huko chini, chini ya kiti, kama kuna maji yamekusanyika. Akautoa.

"Kavu," akasema.

Tume alikuwa ameshaingia majini kumfuata. Akafika, akashika boti upande wa pili.

"Abba, twende basi. Imekubali."

"Ngoja. Ikigeuka huko ziwani kama ilivyogeuka hapa, na hakuna wa kukucheka, utafanya nini?"

"Nitapanda tena."

"Nionyeshe."

Kwa hivyo akamwonyesha, na hili ndilo jambo la mwisho ninalowapa, jifunzeni kabla ya ndoana ya kwanza. Unajipindua makusudi. Unairudisha boti kwa kuvuta ukingo wa mbali kuja kwako. Unaishika katikati, unapiga miguu nyuma juu ya maji kama chura, unajivuta mpaka tumbo lilale juu ya kiti, halafu unajigeuza polepole ukae, kasia likiwa bado mkononi. Usipande kwa mbele kama unapanda ngazi, itakutupa. Tume alikunja miguu asiguse tope, akapanda, akakaa wima, nywele zinatiririka.

"Tena," baba yake akasema.

Akajipindua, akapanda.

"Tena. Hapo uliachia kasia."

Akajipindua. Wachungaji walicheka mara mbili tatu, halafu wakaondoa wanyama wao. Mbuzi wengine wakaja, wakanywa, wakaondoka. Wako alikuwa bado amesimama majini na jaketi lake, mikono imenyooshwa mbele kidogo, kama mtu anayengoja mtoto mdogo atembee. Kila mara msichana akikaa wima, neno lilikuwa lile lile. Mimi, ambaye hukemea hata jogoo, niliwaachia, nikakaa kwenye jiwe.

Mwishowe Tume akashika boti kwa mikono miwili, anatetemeka, anahema.

"Abba, kwani hutaki niende?"

"Nataka urudi," akamwambia. "Tena."